Anayekula klorini ya bwawa lako ni jua au ni uchafu? Usiku utakwambia

"Fundi, habari za kazi. Tupo Shangani, Mtwara. Uani tuna bwawa dogo la kuogelea, mita 8 kwa 4, upande mmoja kina mita 1 na upande wa pili mita 1.8. Wanaogelea watoto wetu na wageni wa vyumba vinne tunavyopangisha. Mwaka jana tulitumia klorini ya vidonge na hatukuwa na shida. Agosti tulimwaga maji yote tukabandika vigae upya, tukajaza maji ya kisima, na tangu hapo tunatumia klorini ya unga ya asilimia 65 kwa sababu ni nafuu. Septemba kilo moja na nusu ilitosha wiki nzima. Sasa ni Januari, tunamaliza kilo tano kwa wiki na bado kwenye kona kuna ukijani. Kijana anaweka dawa saa moja asubuhi. Nikipima kwa vitone maji yanakuwa njano iliyokolea, ikifika saa kumi jioni njano imefifia kabisa. Jumamosi watoto wakijaa humo harufu ya klorini inakaba na macho yanakuwa mekundu. Mume wangu anasema dawa ni feki, jirani anasema tumezidisha. Tuongeze au tupunguze? Pampu tunaiwasha usiku tu, kwa muda wa saa nne, tukiogopa bili ya umeme. Halafu nina vidonge vya zamani nusu ndoo. Naweza kuvisaga nichanganye na huu unga ili upate nguvu?"

Dada yangu, naanza na swali la mwisho kwa sababu hilo linaweza kumuumiza mtu leo hii. Usisage, usichanganye. Dukani vyote vinaitwa klorini, lakini unga wako ni kalsiamu haipokloraiti, na vidonge kwa kawaida ni kitu kingine kabisa, kile kinachoandikwa TCCA kwenye ndoo. Vikigusana, hasa vikipata unyevu kidogo, vinachemka, vinatoa gesi ya klorini na vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Hata kata ya kuchotea isiwe moja. Niliwahi kumkuta kijana wa bwawa, Lindi, ameshika ndoo iliyoyeyuka ubavu kwa sababu kata yake ilikuwa na vumbi la vidonge. Alinusurika kwa kuwa alikuwa nje na upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine. Vidonge vyako vifunike, uviweke mbali na unga, pakavu, watoto wasipafikie. Nitavirudia baadaye, maana vina kazi katika habari hii.

Sasa bwawa lenyewe. Wewe na mume wako na jirani mnabishana kuhusu kiasi, dawa ni nyingi au ni chache. Mimi kwanza ningeuliza klorini inakwenda wapi. Bwawa lako lina kina cha wastani cha mita 1.4, kwa hiyo linabeba lita 45,000 hivi. Kilo tano za unga wa asilimia 65 kwa wiki ni sawa na kulipa bwawa hilo miligramu 10 za klorini kwa kila lita, kila siku inayokuja. Bwawa la nyumbani lililokaa sawa, wakati wa joto, hutumia miligramu 2 hadi 4 kwa siku. Kwa unga wako hiyo ni kama kilo moja hadi mbili kwa wiki. Kuna mtu anakula sehemu ya watu watatu.

Feki? Inawezekana, na unaweza kujua bila kugombana na muuza duka. Unga huu huchoka wenyewe ukikaa kwenye stoo ya bati yenye joto au ndoo ikiachwa wazi, hata kama ulitoka kiwandani ukiwa mzima. Pima gramu 15 kwenye mizani ya jikoni, koroga ndani ya lita moja ya maji safi, kisha chukua mililita 100 za mchanganyiko huo umimine kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji ya kunywa. Koroga, pima. Unga mzima utakupa karibu miligramu 5 kwa lita. Ukipata 2, mume wako ana haki. Lakini kwa maelezo yako mimi siweki dau langu hapo, kwa sababu asubuhi unaona njano iliyokolea. Dawa inafika kwenye maji, ila haikai.

Jirani naye anadanganywa na pua, kama watu wengi. Harufu ile inayokaba siyo ya klorini nyingi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inageuka kuwa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka na kuchoma macho. Maji yenye klorini ya kutosha iliyo huru karibu hayanuki. Kwa hiyo Jumamosi watoto wanapotoka na macho mekundu, mara nyingi ni dalili kwamba klorini ilizidiwa na kazi. Jirani akikushauri upunguze kwa sababu ya harufu, atakuongezea harufu.

Hapo hapo nikusahihishe na kipimo chako. Vitone vya njano vinahesabu klorini yote kwa pamoja, ile iliyo huru na ile ambayo tayari imekamatwa na uchafu ikawa kloramini. Ile njano hafifu ya saa kumi jioni inaweza kuwa kloramini tupu, yaani bwawa halina mlinzi hata mmoja. Tafuta kipimo kinachogeuka pinki, kimeandikwa DPD, ambacho kinatenganisha hizo mbili. Kina kasoro moja tu ya kuijua: klorini ikiwa nyingi mno, pinki inatokea na kupotea palepale, ukadhani ni sifuri. Ukishuku hivyo, changanya maji ya bwawa na maji ya chupa nusu kwa nusu, pima tena, zidisha mara mbili.

Klorini ya bwawa ina walaji wakubwa wawili. Wa kwanza ni jua. Miale ya urujuanimno huvunja klorini huru na kuiacha ikiwa chumvi ya kawaida isiyoua kitu. Katika maji yasiyo na kinga, jua kali la mchana huondoa nusu ya klorini ndani ya muda usiofika saa moja. Saa inayofuata inaondoa nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Mtwara tupo nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba likienda kusini na mwishoni mwa Februari likirudi. Katikati ya safari hizo mbili haliendi mbali. Dawa ya saa moja asubuhi inaingia bwawani ikasubiri tu jua lipande. Saa sita mchana umebaki na kidogo, na saa kumi ndiyo hiyo njano yako iliyofifia. Ni kama kuanika barafu juani halafu kulalamikia mashine iliyoigandisha.

Nilisema "maji yasiyo na kinga". Kinga ya klorini dhidi ya jua ni asidi ya sianuriki, ambayo wauzaji huiita stabilaiza au kondishena. Inaishika klorini kwa mkono mlegevu: jua haliwezi kuivunja kwa urahisi, na inapohitajika kuua vijidudu inaachiliwa kidogo kidogo. Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Mwaka jana mlitumia vidonge. Vidonge vya TCCA, uzito wake zaidi ya nusu ni hiyo hiyo asidi. Mlikuwa mnaweka kinga kila wiki bila kujua kwamba mnaiweka. Agosti mkamwaga maji yote, na kinga ikaenda nayo mferejini. Mkajaza maji ya kisima, yasiyo na chembe ya kinga, mkahamia kwenye unga, ambao nao hauna. Septemba mlikuwa na bahati tu: maji mapya, kusi bado linapoza, wageni wachache. Klorini ilikuwa inakufa mchana vilevile, lakini hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba imekufa. Kaskazi ilipoingia, maji ya uani yakapita nyuzi 30, mwani ukapata unachotaka.

Mwani ndio unaotuleta kwa mlaji wa pili, uchafu. Ndani ya uchafu naweka mwani, majani ya mwarobaini na mwembe, vumbi, jasho, mafuta ya nazi na liwa. (Sikatazi liwa. Ninaomba tu aliyejipaka aioshe kabla hajaingia bwawani.) Tofauti ya walaji hawa ni ndogo na ya maana sana: jua hulala usiku, uchafu haulali.

Kwa hiyo fanya jaribio la usiku kabla hujanunua ndoo nyingine. Jua likishazama kabisa, washa pampu, yeyusha gramu 350 za unga na uzimwage kuzunguka bwawa. Kiasi hicho kinapandisha klorini kwa miligramu 5 kwa lita. Subiri kwa muda wa saa moja pampu ikizunguka, pima kwa pinki, andika namba. Asiingie mtu, pampu iendelee. Alfajiri, kabla jua halijagusa maji, pima tena. Pengo likiwa miligramu 1 au chini yake, maji yako ni safi na mlaji ni jua peke yake. Pengo likiwa 2, 3 au zaidi, kuna kiumbe humo ndani kinakula gizani, hata kama maji yanang'aa.

Kwa kuwa umetaja ukijani, nabashiri utakuta wote wawili. Mafundi wengine watakwambia ua mwani kwanza, kinga baadaye, na wana hoja, maana kinga hupunguza kasi ya klorini kuua. Mimi nafanya vyote kwa pamoja, sababu bila kinga utapigana usiku na kila mchana jua litakunyang'anya silaha. Nunua kilo 1 na gramu 350 za asidi ya sianuriki. Kwa lita zako 45,000 itatoa kinga ya miligramu 30 kwa lita, na kwa bwawa la uani 30 hadi 50 inatosha. Itie ndani ya soksi, uitundike mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani, uwe unaibinya mara kwa mara. Inayeyuka polepole, ipe hadi wiki moja kabla ya kuipima. Kipimo chake ni mrija wenye nukta nyeusi chini: unamimina maji yaliyochanganywa na dawa mpaka nukta isionekane.

Jioni ile ile anza kuua mwani. Kwanza teremsha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwa asidi iwe 7.2 hadi 7.4. Kisha, baada ya saa kadhaa, pandisha klorini hadi 10 au 12, yaani kama gramu 700 hadi 800 za unga ikiwa maji yako karibu na sifuri. Ndoo ya plastiki ijae maji kwanza, unga uingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Ile chokaa inayotuama chini iache, mwaga maji ya juu. Sugua kuta zote kwa brashi, na usisahau nyuma ya ngazi na mistari kati ya vigae, maana mwani hujificha pale ambapo maji hayapiti. Pampu izunguke usiku na mchana kwa siku hizi chache. Ndiyo, bili itauma, lakini kilo tano za unga kila wiki nazo zinauma. Pima asubuhi na jioni, rudisha kiwango kilichoshuka. Ukijani ukiisha na pengo la usiku likawa chini ya 1, umeshinda. Ngoja klorini ishuke chini ya 5 ndipo watoto warudi.

Usipopata stabilaiza Mtwara na hutaki kusubiri mzigo wa Dar es Salaam, ipo njia ya pembeni: klorini ya chembe inayoandikwa SDIC, asilimia 56, ambayo ndani yake ina kinga. Kilo 2 na nusu hivi, zikigawanywa kwa siku kumi, zitafanya kazi ya klorini na kukuachia kinga inayokaribia 30. Hiyo nayo isikutane kavu na unga wako.

Na vidonge vyako nusu ndoo? Vinaweza kutumika vyenyewe, kwenye kielea chake, siku ambazo huweki unga kabisa. Kielea kilichowahi kubeba vidonge usikitie unga, wala kinyume chake. Ila usishawishike kurudi kwenye vidonge moja kwa moja. Kila miligramu 1 ya klorini kutoka kwenye kidonge huja na miligramu 0.6 za kinga. Ukitumia 3 kwa siku, kinga inaongezeka kwa karibu 50 kila mwezi, na haiondoki kwa jua wala kwa kuchuja. Inaondoka maji yanapotoka tu, iwe ni kwa kumwaga, kuosha mchanga wa chujio, au mvua kubwa kufurika bwawa. Kinga ikifika 100 unahitaji klorini 7 au 8 wakati wote ili bwawa lisigeuke kijani, na hapo utaniandikia barua hii hii ukiwa na tatizo la upande wa pili. Mimi ningekaa na unga kwa kila siku, nikiongeza kinga kidogo baada ya mvua kubwa. Kinga ikiwa 40, klorini huru isishuke chini ya 3.

Unga nao una gharama yake. Unapandisha pH na kuongeza chokaa, na maji ya visima vya Shangani yanapita kwenye mwamba wa matumbawe, tayari yana chokaa ya kutosha. Angalia birika lako la chai. Katika maji yasiyo na kinga, pH ikiwa 7.5 nusu ya klorini yako ndiyo yenye makali, ikifika 8 inabaki robo. Kinga inapunguza tofauti hiyo, lakini ukoko mweupe kwenye vigae haujali kinga. Pima pH kila baada ya siku mbili tatu, uishushe kwa asidi ikipita 7.8. Asidi na klorini visikutane kwenye ndoo moja, na vipishane saa kadhaa bwawani, la sivyo utatengeneza gesi ya sumu kwa mikono yako. Na kama ukiweka klorini nyingi maji yakageuka rangi ya chai, usishtuke ukadhani ni mwani: ni madini ya chuma kutoka kisimani. Hapo simama, tafuta ushauri wa maji hayo kabla ya kuongeza.

Baada ya vita, panga siku upya. Dawa iingie jua likizama, siyo saa moja asubuhi. Pampu iwashwe kwa muda wa saa nane kila siku, nyingi zikiwa mchana, wakati watu wamo na joto liko juu, kwa sababu dawa isiyozungushwa haifiki kwenye kona zako. Geji ya chujio ikipanda kwa paundi 8 hadi 10 juu ya kawaida yake, osha mchanga kwa kurudisha maji nyuma. Wageni waoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Weka bomba la mvua karibu na bwawa ili wasiwe na kisingizio. Turubai la kufunika maji saa za jua kali linaokoa klorini nyingi. Paa la makuti nalo linaleta kivuli, ila likichakaa linakudondoshea uchafu, nimeliona mara nyingi likirudisha kwa mkono wa kushoto lilichookoa kwa wa kulia.

Usimwage maji yote tena, hata mtu akikushauri uanze upya. Karibu na bahari, wakati huu wa mvua, maji ya ardhini yako juu. Bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini, likapasuka au kuinuka. Ikibidi kubadili maji, punguza theluthi moja, jaza, rudia baada ya siku.

Kuna mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma. Ukishindwa kuona tundu la kutolea maji chini ya bwawa, funga bwawa leo, kwa kuwa mtoto akizama hamtamwona. Aliyevuta gesi ya klorini akakohoa bila kukoma au kubanwa kifua, mtoeni nje penye hewa safi na mpelekeni hospitali ya Ligula hata kama anasema amepata nafuu, maana mapafu yanaweza kuzidi kuvimba saa chache baadaye. Unga ukiingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kuanza safari. Mtu akihisi kuchomwachomwa na umeme majini, zima swichi kuu, aitwe fundi umeme. Na kama siku saba zimepita ukilipa klorini usiku na bado alfajiri unakuta sifuri wakati maji yanang'aa, nashuku amonia kwenye maji ya kisima: miligramu moja ya amonia humeza klorini nane hadi kumi. Ulizia ofisi ya maji ya mkoa namna ya kupeleka sampuli, waambie wapime amonia na chuma.

Ukishafanya jaribio niandikie namba tatu: ya jioni, ya alfajiri, na ya nukta nyeusi uliyopima kabla hujatia kinga. Kama ile ya tatu ikitoka sifuri, nadhani mume wako atapaswa kumwomba radhi muuza duka.